Bega la Kulia

Limeniamsha tena, saa nane na robo usiku,
kama mgeni asiyejua kubisha.
Nageukia ubavu wa kushoto, nakumbatia mto
alivyonionesha Zuwena wa mazoezi, kule Mnazi Mmoja,
na huko nje nausikia mwamba unavuma.
Bamvua. Maji yanajaa, yanaingia mlangoni marefu, safi,
na mie nimelala na mto kama mzazi.

Miaka hamsini na sita.
Nilianza na mlango wa choo cha skuli,
tuliung'oa mie na Pandu, tukachapwa,
na jioni ile ile tukauteleza hadi mchangani.
Mchezo haukuwa na jina.
Majina yalikuja baadaye Jambiani, pamoja na wageni na mbao zao nyeupe;
nikawafundisha kusimama,
wakanifundisha kulipisha.

Wimbi moja la kusimama
lina makasia mia mbili ya mikono.
Nani aliyehesabu? Bega limehesabu.
Limeandika yote, kama mwenye duka wa Kibigija,
na sasa limeleta daftari.

"Kano imechanika nusu," alisema Zuwena.
"Hiyo nusu iliyobaki ndiyo mali yako."
Akanipa mpira mwekundu. Ulikatika wiki ya pili.
Nikakata tyubu ya baiskeli, nikaifunga nguzo ya banda:
kiwiko mbavuni, kitambaa kwapani kisidondoke,
navuta nje, narudisha polepole.
Kule kurudisha ndiko dawa. Kuvuta ni mbwembwe.
Kumi na tano. Pumzika. Kumi na tano.
Halafu vidole vinapanda ukuta kama kaa;
jana vilifika kwenye msumari wa kalenda,
leo vimeupita kwa upana wa ukucha.
Usicheke.
Upana wa ukucha ni safari.

Shaame anacheka. Ana miaka kumi na tisa,
mabega kama madafu.
"Mjomba Vuai, mlango gani huo, kila siku unauvuta na haufunguki?"
"Wako," nikamwambia. "Nakushikia."

Asubuhi moja nikamkuta Mize nguzoni,
kanga kaifunga kiunoni, chumvi ya mwani ingali mikononi,
ameshika tyubu yangu.
Kwa mkono wa kushoto.
"Tangu lini?"
"Tangu mwaka aliozaliwa Mosi."
Na Mosi sasa ana watoto wawili.
Miaka ishirini na saba ya magunia mabichi
kutoka vigingini hadi pwani,
na mie nilikuwa kule nje, nimempa mgongo,
natazama wimbi.
Bega lake halikuwahi kuitwa jeraha.
Liliitwa kazi.

Sikuwa na la kusema. Nikakata tyubu nyingine.
Sasa kila alfajiri, baada ya sala, tunasimama wawili,
nguzo moja, yeye anavuta kushoto, mie kulia,
banda linalia misumari yote.
Anahesabu yeye. Mie huruka namba.

Mwezi huu nimeingia mara mbili, maji yakipwa,
na ubao mrefu wa kujifunzia, ule wa watoto.
Nimetafuta pahala mkondo unapobeba wenyewe,
nikakaa, mikono nimeifumbata kama niko msikitini.
Mawimbi matano yalipita, mazuri, nikayaangalia migongo.
La sita lilikuwa dogo, halina sifa,
Shaame asingeligeukia.
Nikapiga makasia manne, manne tu;
bega likanung'unika, likakubali.

Kusimama sikusimama. Nilipiga goti moja.
Mize aliniona kutoka kwenye mwani wake,
akainua mkono (ule wa kushoto, hadi juu ya sikio)
akapaza sauti, upepo ukaila.
Nilipofika nikamuuliza, ulikuwa unasemaje?
"Kumi na tano," akasema, na kunipokea ubao.
"Nilisema, pumzika."